Uzamili wa mwalimu umfuate Merti

Mwalimu wa Merti, kaskazini mwa Kenya, akienda Nairobi kusomea uzamili wa elimu, darasa lake hubaki na pengo ambalo ni vigumu kuliziba. Kwa hiyo masomo ndiyo yamfuate: mihadhara ifanyike likizoni na kwa mtandao, utafiti aufanyie kwenye shule anakofundisha. Kazi ya utafiti huo ipo tele. Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwisho wa 2022, mvua zilikosekana kwa misimu mitano mfululizo kaskazini mwa Kenya. Mtoto aliyetazama ng'ombe wa babake wakianguka mmoja mmoja huja shuleni akiwa kimya, na kumwambia ajikaze si ushauri nasaha. Anahitaji mtu anayeelewa Kiborana anachokisema nyumbani, na aliyefunzwa kusikiliza kitaalamu. Tangu 2014 washauri nasaha wana sheria yao ya usajili na leseni, maana huruma pekee haitoshi. Mtaala nao una pengo. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini 2019, unataka watoto wa madarasa ya chini wafundishwe kwa lugha ya eneo. Na maudhui ya eneo yapo: Waborana wa Waso, eneo la Merti, wana dedha, utaratibu ambao wazee huamua malisho gani yaliwe wakati wa mvua na yapi yahifadhiwe kwa kiangazi. Humo mna hesabu, jiografia na uraia, lakini somo haliwi somo mpaka mwalimu aliandike, alijaribu darasani na kupima watoto wameelewa nini.

Wapo watakaosema Merti inahitaji walimu kwanza, shahada baadaye. Hoja hiyo ina uzito dhidi ya masomo yanayomwondoa mwalimu; anayesoma akiwa kazini hampunguzii mtoto kipindi. Wengine wanahofia kwamba akishahitimu atahamia mjini. Basi mfadhili wa karo aifunge na miaka kadhaa ya utumishi, na mwajiri ampandishe cheo palepale Merti, kwa sababu mkataba usio na tumaini humshika mtu mwili tu. Hofu nzito zaidi ni ya ubora: intaneti hukatika, na msimamizi yuko mbali. Hapo chuo ndicho kifunge safari. Baraza la elimu ya wafugaji wa kuhamahama, lililowekwa na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, lishirikiane na vyuo vikuu kumleta msimamizi Merti angalau mara mbili kabla ya tasnifu kutahiniwa. Aketi nyuma ya darasa, aone kama utafiti anaousahihisha unamsaidia mtoto aliye mbele yake.