Kitwitwi yupo Mto Kiwira, basi la nini?

Kila mwaka hadithi ni ileile. Mwakilishi wa darasa anaandika kwenye grupu: safari ya mafunzo kwenda pwani, mwisho wa mchango Ijumaa. Wenye nacho wanalipa. Wale ambao bumu limeishia kwenye kodi na msosi wanakaa kimya, halafu wiki inayofuata wanaomba picha za wenzao ili nao waandike ripoti. Kwa sisi tunaosomea ualimu, utaratibu huu ni hatari, kwa sababu tutaenda kuurudia kwa watoto wa watu.

Sipingi pwani. Rufiji, Mafia na Kilwa kwa pamoja ni eneo la ardhioevu linalotambuliwa na Mkataba wa Ramsar tangu 2004, na ndege wanaokuja pale kutoka Ulaya na Siberia ni wa kutazama kweli. Maji yakipwa wanatawanyika matopeni kutafuta chakula. Sululu mwenye mdomo mrefu anachomoa walio chini. Wenye mdomo mfupi wanaokota vya juujuu. Maji yakijaa wanasukumwa wote hadi kwenye mchanga mkavu, na hapo ndipo unaliona kundi. Tatizo ni kwamba basi halifuati maji, linafuata ratiba. Mkifika saa isiyo yake mnaona madoa kwa mbali, mnapiga picha, mnarudi.

Na wageni hao hawaishii baharini. Kitwitwi, yule mdogo anayetikisa mkia bila kupumzika, anazaliana Ulaya na Asia, kisha anakuja kukaa kando ya mito na maziwa yetu hata huku bara. Wanaanza kufika mnamo Agosti, wengi wanaondoka Aprili. Kwetu Tukuyu, mtafute kwenye mawe ya Mto Kiwira au ukingoni mwa Ziwa Masoko. Hutapata maelfu. Utapata mmoja au wawili, na kwa mwalimu hao wanatosha.

Mpe mwanafunzi wa kidato cha pili daftari. Aandike tarehe, saa, idadi, na ndege alikuwa anafanya nini. Aprili kitwitwi akitoweka, mwanafunzi mwenyewe atauliza kaenda wapi. Hapo ndipo umweleze kwamba mwaka 2022 ndege mmoja mchanga wa ukoo huohuo aliruka kutoka Alaska hadi Tasmania, kilomita 13,560, kwa siku 11 bila kutua. Hilo halitakuwa jambo la kukariri tena.

Mtasema ndege mmoja halingani na kundi. Sawa. Lakini hata sensa ya kimataifa ya ndege wa majini, inayofanyika kila Januari tangu 1967, inategemea watu wanaorudi palepale mwaka hadi mwaka, si waliopita mara moja.

Kwa hiyo, wadau, nashauri mawili. Kwanza, ripoti ya safari isiwe na maksi anazokosa asiye na mchango. Aruhusiwe kufanya kazi hiyohiyo kwenye maji yaliyo karibu naye. Pili, tukienda mazoezi ya kufundisha, kila mmoja atafute mto, bwawa au jaruba karibu na shule yake na awapeleke wanafunzi kwa zamu. Darubini ikipatikana, poa. Isipopatikana, macho yapo.

Mtoto wa Rungwe asiye na nauli ya Rufiji asikoseshwe somo linalotembea kwenye mawe ya mto anaouvuka kila asubuhi.