Mwangaza Mwingi Si Picha Nzuri

Imekuwa desturi sasa hapa pwani, kukiwa na arusi, sherehe ya chuo au jioni ya kuukumbuka mji, jamaa kutundika shuka jeupe ukutani na kuonyesha picha za zamani kwa projekta. Jambo hili ni jema, na mimi ni katika wanaoliunga mkono. Lakini mashine wanazozinunua vijana wetu, wallahi, nyingi hazifai kwa kazi hii.

Wakifika dukani swali lao ni moja tu: ina lumeni ngapi? Lumeni ni kipimo cha mwangaza utokao katika mashine, na yenye tarakimu kubwa ndiyo inayobebwa. Tarakimu hizo mara nyingi hutiwa na mwenye mashine apendavyo. Kipimo cha kuaminika ni kile cha Kimarekani kiitwacho ANSI, ambacho mwangaza hupimwa mahali tisa penye pazia kisha ikatafutwa wastani. Kwa pazia la upana wa mita 2, katika chumba chenye giza hasa, lumeni 1,000 za kweli zatosha na kubaki. Ukilizidisha pazia upana mara mbili, jua kwamba mwangaza ule ule utatandazwa juu ya eneo mara nne.

Nimesema chumba chenye giza, na hapo ndipo penye siri. Mwanachuoni wetu al-Hasan ibn al-Haytham, wa Basra, alieleza katika Kitab al-Manazir, karne ya 11, jinsi nuru za taa mbalimbali zinavyopita katika tundu moja kuingia nyumba yenye giza, na kila nuru ikaonekana pekee ukutani. Nyumba yenye giza, si nyumba yenye taa ya barazani ikiwaka na mlango wazi! Basi kabla ya mashine, nunueni mapazia mazito ya madirishani. Ni rahisi zaidi, na yatawafaa zaidi ya lumeni 3,000.

Sasa tuje kwenye picha zenyewe. Picha za wazee wetu, zilizopigwa studio za Mombasa, au Lamu na marehemu Omar Said Bakor, zina tabia yake. Mwanamume amevaa kanzu nyeupe pepe. Bibi ana buibui jeusi. Uso wa kila mmoja uko katikati, si mweupe wala si mweusi, na huo uso ndio tulioujia. Mashine yenye mwangaza wa kupita kiasi na weusi hafifu huifanya kanzu iwe kama karatasi tupu, haina mkunjo wala darizi, na buibui likawa kijivu kama jivu la jikoni. Ukiirekebisha ili weusi urudi, buibui lageuka shimo na uso wazama ndani yake.

Mtu atasema, ni kasoro ndogo, watu wataelewa. Hataelewa mtu! Katika jioni hizi huwa pamekaa bibi wa miaka themanini na zaidi, na shida yote ya kuonyesha ni ili yeye aseme, “Yule wa pili kutoka kushoto ni fulani bin fulani, nyumba yao ilikuwa pale.” Asipouona uso hatalitaja jina, na jina hilo huenda hakuna mwingine alijuaye. Filamu ya senema hupita upesi, kasoro zake zikapita nayo. Picha mnato hukaa pale, na jicho likaichungua pembe kwa pembe.

Jambo la pili ni nukta. Sisi tuliosoma chuoni twajua thamani ya nukta: moja chini ni be, mbili juu ni te, tatu juu ni the, na ukiiondoa umepoteza herufi. Projekta nayo hujenga picha kwa nukta. Madukani kuna mashine za bei ndogo zilizoandikwa kwamba “zinapokea” nukta 1920 kwa 1080, ilhali nukta zake zenyewe ni 800 kwa 480. Hesabuni: milioni mbili na ushei zimebanwa ndani ya 384,000. Ulizeni nukta za asili ya mashine, si zile inazozipokea.

Tena muangalie umbo. Mashine nyingi za leo zimetengenezwa kwa ajili ya senema na mpira, pana na fupi. Picha ya studio aghalabu imesimama wima. Ukiionyesha picha ya wima ya kipimo cha 2 kwa 3 katika mashine ya 1920 kwa 1080, inatumia nukta 720 kwa 1080 tu, na zaidi ya nusu ya mashine inafanya kazi ya bure. Bora ile ya 1920 kwa 1200. Vyama vya wapiga picha vya Uingereza vililijua hili mapema, ndiyo maana mashindano yao yalifuata kipimo cha 1400 kwa 1050, kisha 1600 kwa 1200.

Kwa picha za rangi, hasa za leso, mimi nachagua mashine yenye vioo vitatu, kimoja cha wekundu, kimoja cha kijani, kimoja cha buluu. Zile za gurudumu la rangi zinazozunguka, baadhi yake hutiwa kipande cheupe ili tarakimu ya lumeni ipande. Weupe unazidi, wekundu wa leso unabaki nyuma. Ila za vioo vitatu zataka kusafishwa chujio, maana vumbi likiingia ndani hutokea kama madoa pazia zima.

Watawaambia pia kwamba ya leza hudumu saa 20,000 na ya taa saa 3,000 au 5,000. Ni kweli, lakini jioni moja ya saa tatu kila mwezi ni saa 36 kwa mwaka. Hiyo taa itawazika nyote. Sababu ya kuichagua leza kwetu ni stima: ikikatika ghafla, taa ile ya moto hubaki bila feni ya kuipoza, ikaharibika.

Na kuna kina mama. Picha zao zina sitara yake, na nyingi hazifai kuonyeshwa ila mbele ya wanawake wenzao. Basi mashine iwe nyepesi kutumia, ichomekwe flashi na kuanza, wapate kuiendesha wenyewe pasi na kuitiwa fundi mwanamume.

Mkienda kununua, chukueni picha yenu nyeusi kuliko zote, ya bibi mwenye buibui, na muiombe ionyeshwe hapo hapo. Muuzaji akikataa kuzima taa za duka, nendeni duka la pili.