Kasi Ipi ya Modemu?

Tarehe 31 Mei 1978, wapenda redio wa Montreal, Kanada, walirusha hewani maandishi yaliyofungwa vifurushi vifurushi. Tangu hapo, kila aunganishaye modemu na redio hukabiliwa na swali lile lile: kasi ipi?

Katika mawimbi mafupi, yaendayo mbali kwa kugonga tabaka la juu la anga, hutumika biti 300 kwa sekunde. Wimbi moja hufika kwa njia mbili au tatu, moja ikichelewa kidogo nyuma ya nyingine. Biti ya kasi ya 1200, isiyodumu hata milisekunde moja, humezwa na mwangwi wa iliyotangulia. Na biti moja tu ikiharibika, kifurushi kizima hutupwa, kikarushwa upya. Hapo mwenye pupa hukesha na ombi moja la dawa, ilhali mwenzake wa 300 amekwisha kujibiwa.

Katika VHF, mlima kwa mlima, 1200 hutosha: sauti mbili, ya hezi 1200 na ya hezi 2200, hupita katika maikrofoni na spika za kawaida. Kasi ya 9600 yataka waya uingie ndani ya redio, kabla sauti haijachujwa, na mawimbi yenye nguvu zaidi. Aifungaye kwenye tundu la spika mara nyingi hapokei kitu, hata antena yake ikiwa juu ya mnara.