Mtoto Asihukumiwe Kabla ya Kusikilizwa



Penye haki, mshtakiwa husikilizwa kwanza ndipo hukumu itolewe. Hata mwizi wa kuku hupewa nafasi ya kujieleza. Lakini wapo wadogo miongoni mwetu wanaohukumiwa kila siku pasipo kuulizwa neno. Ni watoto wanaochelewa kutembea, kusema au kusoma. Hukumu yao huwa tayari: huyu mjinga, huyu mvivu, huyu amerogwa, huyu ni laana ya ukoo. Adhabu nayo haikawii: fimbo darasani, kicheko njiani, na pengine kufungiwa chumba cha ndani wageni wanapobisha hodi.

Wanakamati wetu, walipokuwa wakizitembelea Jumuiya Ndogo Ndogo, walimkuta mtoto wa miaka 11 aliyeachishwa shule akiwa darasa la tatu. Baba yake aliona kuwa sare na madaftari ni hasara tupu. Muuguzi mstaafu aliyekuwamo katika msafara aliona jambo ambalo wengine hawakuliona: mtoto yule alijibu tu pale alipomtazama msemaji mdomoni. Masikio yake yalikuwa yakitoa usaha tangu utotoni, na hakuna aliyewahi kumpima. Kwa miaka mitatu alichapwa kwa kosa la kutosikia. Tunayaandika haya kwa aibu, maana sisi nasi tulikuwa tumemrudisha nyumbani kutoka mafundisho ya Komunyo ya Kwanza, eti kwa kuwa hajibu maswali.

Hatuna budi basi kujua ukweli. Mtoto huweza kuchelewa kwa sababu nyingi. Yupo aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa, na yupo aliyepata manjano kali katika siku zake za kwanza. Wapo walioumwa homa ya uti wa mgongo, au malaria iliyopanda kichwani. Mama mjamzito akikosa madini joto, ubongo wa mtoto tumboni huweza kudhurika. Ndiyo maana tunahimizwa kutumia chumvi yenye madini hayo. Mtindio wa ubongo huzuia viungo kutii, lakini mara nyingi akili iliyo ndani ya mwili ule ni timamu. Mtoto mwenye usonji hupata shida katika mawasiliano na katika kuchangamana na wenzake. Tena yupo mwenye akili nzuri kabisa ambaye herufi na sauti hazishikamani kichwani mwake. Wataalamu huiita hali hiyo disleksia. Na yule anayekodoa macho sekunde chache kisha akarudi katika hali yake, mwalimu akidhani anaota mchana, huenda ana aina ya kifafa ambayo hutibika kwa dawa. Katika hayo yote hakuna hata moja linaloponywa kwa fimbo.

Wanafunzi wa Bwana walipomwona kipofu tangu kuzaliwa, waliuliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Bwana alikataa majibu yote mawili. Inakuwaje basi sisi tuendelee kumnyooshea mama kidole?

Wazazi, yafaa kuzijua dalili mapema. Mtoto asiyeweza kukaa mwenyewe afikapo miezi 9, asiyetembea afikapo miezi 18, asiyeunganisha maneno mawili afikapo miaka 2, au asiyeshtushwa na sauti kubwa, apelekwe kliniki bila kungoja. Vilevile apelekwe upesi mtoto aliyekuwa akisema kisha akaacha. Msiridhike kuambiwa tu kwamba atakua. Pengine atakua kweli. Lakini kupima hakumpunguzii kitu, na kuchelewa huweza kumnyima mengi.

Msaada upo, ingawa mara nyingi uko mbali na hauwatoshi wote. Anzeni na zahanati, nanyi ombeni barua ya rufaa ya kwenda hospitali ya wilaya au ya mkoa. Huko Dar es Salaam, hospitali ya CCBRT imewahudumia watoto wenye ulemavu tangu miaka ya 1990. Afisa Ustawi wa Jamii na Afisa Elimu Maalumu wa Halmashauri wapo kwa ajili yenu. Waulizeni ni shule ipi ya msingi iliyo karibu yenye kitengo cha elimu maalumu. Walimu wa fani hiyo huandaliwa nchini, mathalani katika Chuo cha Ualimu Patandi, Arusha.

Wala mtu asiende katika ofisi hizo kama mwombaji wa hisani. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumbagua mtoto kwa sababu ya ulemavu, na inampa haki ya matunzo maalumu na nafasi sawa ya elimu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inathibitisha haki hiyo ya elimu. Ndani ya Kanisa nako, Mwongozo wa Katekesi uliotolewa Roma mwaka 2020 unaeleza kwamba mtu asinyimwe sakramenti kwa sababu ya ulemavu wake.

Viongozi wa walei, tunawaomba mambo matatu. Kwanza, kila Jumuiya iwajue watoto wake wa namna hii, si kwa kuwahesabu tu, bali kwa kuwatembelea. Pili, mfuko wa Jumuiya usaidie nauli ya kwenda hospitali, maana mama wengi hukwama hapo. Tatu, makatekista wasimrudishe mtoto nyumbani kabla ya kuzungumza na wazazi wake na paroko.

Hatuahidi kwamba kila mtoto atapona. Wengine watabaki na ulemavu wao maisha yote, na wazazi wao watachoka, nao watatuhitaji siku nyingi. Lakini kila mtoto hufundishika kwa kadiri yake, na kila mmoja ana jina alilobatizwa nalo. Yule wa miaka 11 amepimwa, amepata dawa ya masikio, na sasa huketi dawati la mbele. Bado hasikii vyema. Ila siku hizi anaulizwa, na anangojwa mpaka ajibu.