Mwenye gari kuukuu azoee nini, akatae nini?

Alfajiri, kabla watoto wa shule hawajashika njia, katika mitaa mingi ya Dar es Salaam, Morogoro na Mwanza husikika sauti moja: stata inaguna, inanyamaza, inaguna tena. Majirani huijua sauti hiyo kama waijuavyo ya jogoo wao. Wanajua pia kwamba baada ya jaribio la tatu mwenye gari atateremka, atafungua boneti, atagonga kichwa cha betri kwa kipande cha ubao na kurudi ndani, na gari litawaka. Ndipo siku ya kazi inapoanza.

Mwenye gari hilo aghalabu ni mwalimu, karani, mganga wa zahanati au ofisa wa ngazi ya kati. Alilinunua kwa mkopo wa chama cha kuweka na kukopa, na hakulinunua jipya. Gari hilo lilizaliwa Japani, likatumika huko miaka mingi, kisha likapakiwa melini mpaka bandari ya Dar es Salaam. Magari mengi ya watu binafsi nchini yamepita njia hiyo, na sababu zake ni wazi. Japani, kama Tanzania, magari hupita upande wa kushoto wa barabara, hivyo usukani uko kulia. Zaidi ya hayo, sheria ya huko inataka gari dogo likaguliwe kwa mara ya kwanza baada ya miaka 3 tangu liwe jipya, na baadaye kila miaka 2. Ukaguzi una gharama zake, na gari likizeeka wengi huona heri waliuze.

Gari hilo hufika na lugha ya kwao. Likiwashwa humwambia mwenyewe maneno ya Kijapani, naye huitikia "haya" na kuondoka. Redio yake ilitengenezwa kupokea masafa ya FM ya Japani, ambayo katika magari mengi huanzia 76 na kuishia 90, ilhali stesheni za hapa zimetandaa hadi 108. Mpaka fundi atakapoweka kifaa cha kubadili masafa, mwenye gari husikiliza stesheni mbili tatu, apende asipende.

Hayo ni ya kuchekesha. Lakini mara nyingi chini ya boneti huwa pamebandikwa karatasi ndogo inayoeleza mkanda wa taiming ulibadilishwa lini, na gari lilikuwa limetembea kilomita ngapi. Nayo imeandikwa kwa Kijapani. Katika injini nyingi za aina hiyo mkanda huo hutakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi. Ukikatika njiani injini huzimika papo hapo, na katika baadhi ya injini valvu hugongana na pistoni. Basi mtu aliyesoma vitabu vingi maishani mwake huendesha gari miaka mitano bila kujua karatasi ile ilitaka kumwambia nini.

Kadiri miaka inavyopita, gari na mwenyewe huzoeana. Mlango wa nyuma hufunguka kwa nje tu. Kioo cha dirisha hushikiliwa kwa kipande cha kadibodi. Gia ya pili haipendi kuamshwa mapema. Mshale wa mafuta ulikufa zamani, naye hupima mafuta kwa kuhesabu kilomita. Mama wa nyumbani anajua kwamba mlango wake hufungwa kwa kuunyanyua kidogo, na watoto wanajua nani akae wapi. Ni elimu kamili, ingawa haikuandikwa popote.

Elimu hiyo si ngeni nchini. Waliokuwa kazini mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanaikumbuka vyema. Bei ya mafuta duniani ilipanda mwaka 1973 na ikapanda tena mwaka 1979. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977. Vita dhidi ya majeshi ya Idi Amin, mwaka 1978 na 1979, vikala fedha nyingi. Fedha za kigeni zikaadimika, na vipuri vikaadimika nazo. Jumapili alasiri gari la mtu binafsi lilipumzika kwa amri. Siku nyingine lilipumzika kwa hiari yake. Hata hivyo Peugeot, Land Rover na Volkswagen za wakati ule ziliendelea kutembea, kwa kuwa mafundi walikataa kuziacha zife. Gasketi ilikatwa kwa mkasi kutoka katika karatasi ngumu, na bushi ikachongwa kutoka katika mpira wa tairi kuukuu. Mwaka 1984, serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje, hali ilianza kulegea. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na kizazi kile kilithibitisha hivyo kwa mikono yake.

Heshima hiyo wanastahili. Lakini yafaa ikumbukwe kwamba uvumilivu wao ulikuwa wa lazima: kipuri hakikuwapo. Leo kipo. Anayekwenda Gerezani au Shaurimoyo, Ilala, atakuta kipya, kilichotumika na cha bandia, akipenda vyote vitatu katika duka moja. Maadamu kipuri kipo, kuendelea kuishi na ubovu si ushujaa tena. Mara nyingi ni mazoea tu, na mazoea yana tabu.

Swali basi ni hili: ni kasoro ipi ya kuvumilia, na ni ipi ya kukataa? Jibu haliko katika bei ya kipuri wala katika ukubwa wa kelele. Lipo katika jambo linalotokea kila mara katika jamaa zetu. Msiba umetokea kijijini. Shemeji anakuja usiku kuazima gari. Mwenyewe anampa ufunguo, na papo hapo anaanza kumweleza tabia za gari. Akimweleza habari za mlango na redio, shemeji atacheka na kwenda zake. Lakini akisema, "Breki zake ukanyage mara mbili ndipo zishike," hapo hapana cha kucheka. Kasoro ya kuvumilika ni ile ambayo mgeni anaweza kuigundua mwenyewe bila kudhurika. Kasoro inayohitaji onyo kabla ya safari haifai kukaa barabarani hata siku moja, kwa sababu usalama wa watu wote waliomo garini umewekwa katika mguu wa mtu mmoja, na siku hiyo mtu huyo hayumo.

Kwa kipimo hicho mambo matatu yanastahili kutazamwa.

La kwanza ni joto la injini. Gari likichemsha mara mbili tatu, wapo mafundi ambao dawa yao ni kung'oa thamostati. Kazi ya kifaa hicho ni kuyazuia maji yasipite katika rejeta mpaka injini ipate joto linaloifaa. Kikiondolewa, injini hukaa na ubaridi usiotakiwa, hula mafuta zaidi na huchakaa upesi. Na kama chanzo kilikuwa rejeta iliyoziba au feni isiyozunguka, chanzo kimebaki palepale. Wengine huongeza maji ya bomba kila asubuhi badala ya maji maalumu ya rejeta, na kutu hujijenga ndani kimya kimya. Ndugu yake tabia hiyo ni ile ya kuifunika kwa gundi ya karatasi taa nyekundu au ya manjano iwakayo kwenye dashibodi. Taa imenyamazishwa, ugonjwa unaendelea. Mficha maradhi kifo humuumbua.

La pili ni breki. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa kidogo kidogo, na kadiri yanavyonyonya ndivyo yanavyochemka kwa joto dogo zaidi. Watengenezaji wengi hushauri yabadilishwe kila miaka 2 hivi, lakini yapo magari ambayo hayajabadilishiwa tangu yalipovuka bahari. Mjini hilo halionekani. Huonekana katika mteremko mrefu kama wa Kitonga, mkoani Iringa. Dereva asiyeteremka kwa gia ndogo, akakanyaga breki mfululizo, huzipasha joto kali. Mafuta yenye unyevu huchemka na kutoa mvuke, na mvuke, tofauti na mafuta, hukubali kubanwa. Pedali huzama hadi sakafuni na gari haliitiki. Wahenga walisema chombo cha kuzama hakina usukani. Lakini chombo hiki kilikuwa na usukani, na kilikuwa na miaka ya kutosha ya kutengenezwa.

La tatu ni matairi. Tairi lenye kipara kila mtu analiona. Lisiloonekana ni tairi zee lenye meno marefu, hasa lile la mtumba. Mpira huzeeka hata ukiwa stoo. Ubavuni mwa tairi, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na herufi DOT, zipo tarakimu 4: mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lenye 2419 lilitengenezwa wiki ya 24 ya mwaka 2019. Hapa hapahitajiki Kijapani. Ni hesabu ya darasa la pili.

Mwenye gari atauliza: fedha zitoke wapi? Swali hilo ni la haki. Mshahara una wadai wengi, na ada ya shule haingoji. Lakini si kweli kwamba tatizo ni fedha peke yake. Yapo magari yaliyopakwa rangi mpya, yakavishwa rimu za kung'aa na spika za kutikisa mtaa, ilhali pedi za breki zimebaki chuma kwa chuma. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Asiye na uwezo wa kutengeneza yote hana budi kupanga: breki, matairi, usukani na taa kwanza, joto la injini lifuate, mlango, redio na rangi vingoje miaka ya neema. Huo si ushauri wa kitajiri. Ni ushauri wa kimaskini, kwani maskini ndiye asiyeweza kulipia ajali.

Wapo wasemao dawa ni kuyakataa magari kwa umri wake. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Uganda, kwa sheria ya mwaka 2018, ilizuia kuingiza lililotimiza miaka 15. Tanzania haikufunga mlango, bali imeweka ushuru wa ziada kwa gari lililozidi miaka 8. Hatua hizo zina maana yake kwa hewa ya miji na kwa mfuko wa taifa, lakini zote hutazama umri wa gari bandarini. Hazisemi kitu juu ya miaka 10 au 15 litakayoishi baada ya kutoka hapo. Somo la Japani si kwamba magari yake ni machanga. Ni kwamba kila baada ya miaka 2 jicho lisilo la mwenyewe huyatazama. Jicho la mwenyewe limekwisha kuzoea.

Jambo hili linazihusu pia ofisi na shule. Dereva wa gari la idara hujua kwamba usukani wake huvuta kushoto na kwamba breki huchelewa asubuhi. Siku anapohamishwa hukabidhi ufunguo, jeki na spana. Kasoro anaondoka nazo kichwani. Anayempokea huzijua akiwa barabarani, pengine akiwa amebeba wanafunzi waendao mashindanoni. Ofisi ambayo haipokei barua bila kuiandika katika rejista haina udhuru wa kupokea gari bila kuandika ubovu wake. Mkuu wa kazi ambaye hajafungua daftari la gari kwa mwaka mzima asimlaumu dereva peke yake.

Mwalimu na mtumishi wa serikali ni watu wa daftari. Basi gari nalo lipewe la kwake, la kurasa chache, likae ndani ya gari: tarehe ya oili, ya mafuta ya breki, ya mkanda wa taiming, tarakimu za matairi, na ukurasa mmoja wa kasoro zinazojulikana. Kila kasoro ambayo mwenyewe angemwonya shemeji ipigiwe mstari mwekundu, na gari lisitoke nje ya mji mpaka mstari huo umefutwa na fundi. Zilizobaki, za mlango unaonyanyuliwa na redio yenye stesheni tatu, mwenyewe anaweza kuishi nazo kwa amani mpaka mkopo utakapokwisha.