Vipimo vya Nyiragongo viwafikie wananchi

JIONI ya Mei 22, 2021 volkano ya Nyiragongo ililipuka, na usiku ule maelfu ya jirani zetu wa Goma walivuka mpaka kuingia Gisenyi wakiwa na watoto na magodoro. Siku zilizofuata ikawa zamu yetu. Ardhi ilitetemeka mchana na usiku, nyufa zikakata barabara na nyumba, na kila mtu akawa na tafsiri yake. Wapo waliosema ziwa litalipuka, wapo waliosema mji utazama.

Wakati uvumi huo ukizagaa, vipimo vilikuwepo. Katika eneo la Kivu kuna vituo vyenye antena zilizofungwa imara ardhini. Hupokea mawimbi ya setilaiti zilizo umbali wa kilometa 20,000 hivi juu yetu, na kwa kuyalinganisha siku hadi siku, wataalamu hujua kama ardhi imesogea hata kwa milimita chache. Setilaiti nyingine, zikiwemo Sentinel-1 za Ulaya, ambazo ya kwanza ilirushwa mwaka 2014, huimulika ardhi kwa rada, hata usiku na penye mawingu. Picha mbili zikilinganishwa, huonekana palipovimba na palipodidimia. Elimu hii ya kupima umbo la dunia huitwa jiodesia.

Ni vipimo hivyo, pamoja na vya matetemeko, vilivyoonyesha kuwa magma imepenya chini ya Goma hadi chini ya Ziwa Kivu. Mei 27 wakazi wa sehemu kubwa ya Goma wakaamriwa kuhama.

Tusidanganyane, vipimo si ramli. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Nature ulieleza kuwa dalili za mlipuko ule zilionekana chini ya saa moja kabla. Lakini baada ya hapo vipimo vilisema jambo ambalo jicho haliwezi kuona: magma inaelekea wapi. Kwa mzazi mwenye watoto wadogo, hilo ndilo la kujua kabla ya kuamua kukaa au kuondoka.

Nilisoma uhamishoni, Tanzania. Mwalimu wetu alitufundisha kuwa dunia ni mviringo kama chungwa, imebonyea kidogo kwenye ncha zake. Nikarudi nyumbani na somo hilohilo, nikawafundisha wengine. Sikujua kuwa umbo hilo hubadilika na kwamba hupimwa kila siku. Mwaka 2021 wanafunzi waliponiuliza ufa ule umetoka wapi, sikuwa na jibu. Niliona aibu.

Kwa hiyo nashauri mambo matatu. Kwanza, matokeo ya vipimo yasomwe redioni mara kwa mara, kwa Kinyarwanda na Kiswahili chepesi, hata mlima ukiwa umetulia. Pili, somo hili liingie katika jiografia ya sekondari, na walimu tufundishwe kwanza. Tatu, wananchi tuvilinde vituo hivyo, maana kituo kilichoibiwa betri hakina la kutuambia.

Siasa za mpaka wetu tunazijua. Mlima hauzijui. Ufa wa 2021 ulipita Goma ukaja Gisenyi bila kuulizwa kitambulisho, na vipimo vyake vinapaswa kupita vivyo hivyo.