Neno la Kingereza bila sentensi ni hatari

Pita Kenya, pita Katuba, pita Kamalondo: kelasi za Kingereza haziko mbali. Wazazi wanatoa franka kila mwezi, vijana wanaenda na kaye mukononi. Sababu inajulikana. Vitabu vya mashini vinaandikwa mingi mu Kingereza, makamyo yenye kubeba shaba yanatokea Kasumbalesa na kuingia Zambia, na tangu 2022 Kongo iko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Hatukatai Kingereza. Tunakataa namna moja ya kuifundisha.

Namna ile njo hii: mwalimu anaandika maneno makumi tatu kwa tablo, Kingereza kuume, Kifaransa kushoto, na Siku ya Kwanza kila mutu anayasema kwa kichwa. Mutoto anapata pointi nzuri, baba anafurahi. Lakini akifika ku kazi, anajua nini?

Tukamate neno «hazard». Mutu mwenye kujua Kifaransa anaona «hasard», anafikiri bahati, mambo ya kutokea bila mutu kupanga. Hapana. Mu Kingereza ya kazi, «hazard» ni kitu chenye kuweza kukuumiza: waya wazi, jiwe lenye kulegea juu ya kichwa, asidi yenye kuvuja. Tukamate tena «clear». Liste inasema «clair», basi. Lakini kibao kikisema «Stand clear of the machine», hakisemi usimame pahali pa mwangaza. Kinasema: toka, kaa mbali na mashini. Na «fire»? Liste inasema moto. Mu mugodi, «Fire in the hole» maana yake baruti inapasuka sasa hivi: kimbia ujifiche, usitafute maji. Na mu biro, mutu «fired» hakuungua: walimufukuza kazi.

Hata karatasi ya kontra iko na mitego. «One month's notice» haiko kitabu cha kueleza mashini sawa «notice» ya Kifaransa. Ni «préavis», mwezi moja mbele ya kuachana na kazi. Mwenye kusaini bila kuelewa neno lile anaweza kupoteza mushahara wa watoto.

Kwa hiyo tunasema: kila neno lipate mistari mitatu. Wa kwanza, neno lenyewe. Wa pili, maana yake kwa maneno mepesi. Wa tatu, sentensi moja ya kazi. Mufano: «Lock». Kufunga na kufuli, ili mutu mwingine asiwashe. «Lock the switch before you clean the belt.» Ukijua sentensi ile, unajua neno, na unajua tena kitu cha kufanya.

Haiko akili yetu peke yetu. Kamusi ya A. S. Hornby, yenye Oxford ilitosha mu 1948, ilitungwa kwa wageni wenye kujifunza Kingereza, na mifano ndani. Kamusi ya Longman ya 1978 ilieleza maneno yake yote kwa kutumia paka maneno mepesi karibu 2,000. Na wazee wetu walifanya vile mbele yao. Njia ya reli ilifika hapa 1910 kutoka kusini, na wafanyakazi wengi wakatoka Rodezia. Maneno sawa «motoka», «buku» na «boyi» yaliingia mu Kiswahili yetu bila liste yoyote. Mutu alisikia neno na kitu kiko mbele ya macho.

Wengine watasema: Kiswahili itachelewesha watoto, afazali Kingereza tupu. Sisi tunaona kinyume. Maana yenye kuelezwa mu luga ya nyumbani inakaa. Ile ya kukariri inatoka na jasho.

Lakini wakubwa wa kazi wasijifiche nyuma ya masomo yetu. Katiba ya 2006 inasema Kifaransa ni luga ya serikali, na Kiswahili ni moja ya luga ine za taifa. Kibao cha hatari kiandikwe mu luga ya mutu mwenye kusimama pale. Kingereza ya kutafuta kazi, sawa, tutajifunza polepole. Jiwe lenye kuanguka halingojei mutu amalize kelasi.

Basi, baba alete neno moja kutoka ku kazi kila jioni, mutoto atafute maana, mama aulize sentensi iko wapi. Maneno matano kwa juma ni 260 kwa mwaka. Ni machache, lakini kila moja litakuwa lenu kweli.